Barafu ya Chumvi

Nyumba ninayokaa si yangu. Kwetu Faza, kama kwa jamaa wengi wa visiwa hivi, binti akiolewa hupewa nyumba na wazazi wake, na mume ndiye anayehamia. Niliingia humu nikiwa kijana, karani mpya wa ofisi ya serikali, na sanduku moja la nguo na cheti changu cha kidato cha nne. Mama mkwe alinionyesha chumba, akanionyesha choo, kisha akanipeleka uani akanionyesha birika. Hapo ndipo alipokaa muda mrefu zaidi.

Birika lilikuwa tangi la mawe lililochimbwa chini ya ua na kupigwa chokaa ndani hadi likawa laini kama ganda la yai. Maji yake yalikuwa ya mvua, yaliyoshuka kutoka paani kwa mlizamu wa mti. Ndani mliishi samaki wadogo watatu wanne, waliotiwa ili wale viluwiluwi vya mbu. Ukifunua kifuniko ukasubiri kidogo, uliwaona wakipita.

Mama mkwe alikuwa na sheria zake. Kabla ya masika paa lilifagiwa na kupakwa chokaa, na tangu hapo hakuna aliyelipanda na viatu. Mvua ya kwanza haikuingia birikani. Mlizamu uligeuzwa, maji yakamwagika uani hadi paa lioshwe. Na ukutani mwa birika, karibu na chini, palikuwa na mstari uliochongwa. Maji yakishuka hadi hapo, ndoo zilisimama na watu wakaenda kuteka kwenye jabia, lile bwawa la mvua la mji mzima.

"Hayo ya tini ya mstari ni ya siku ambayo mlango hautafunguka," aliniambia.

Nilimwitikia kwa adabu, na moyoni nikacheka. Mlango gani usiofunguka?

Mke wangu alizirithi nyumba na sheria zake pamoja. Hakusoma shule. Aliweka mitungi mitatu ya udongo katika pembe ya ukumbi, juu ya mchanga aliounyunyizia maji, na kitu chochote alichotaka kisiharibike, maziwa au dawa ya macho, alikining'iniza ndani ya mdomo wa mtungi. Maji yalitoka humo ya baridi mchana wa kaskazi, jua likiwaka. Alikuwa pia na taa ya mafuta iliyojazwa daima, na jiko la makaa lililofunikwa gunia. Vitu vyote hivyo niliviona kila siku kwa zaidi ya miaka thelathini, na nilichokiona ni uchafu wa kizamani.

Mimi mwenyewe ndiye niliyechapa ofisini waraka wa tahadhari na kuubandika kwenye mbao za matangazo. Kila nyumba iweke akiba ya maji safi. Kila nyumba iwe na taa isiyotegemea umeme. Wenye maradhi ya kudumu waweke dawa mahali salama. Niliupiga muhuri, nikaubandika hata mlangoni mwa msikiti, nikarudi nyumbani kula.

Umeme ulipofika mjini, na baada yake mtambo wa kutoa chumvi kwenye maji na mabomba yake, nilikuwa karibu kustaafu. Sitajificha nyuma ya maendeleo. Kilichonisukuma kilikuwa kingine. Nilikuwa nimechoka kuwa mgeni katika nyumba ya mke wangu. Watu waliita "nyumba ya fulani", wakimtaja mama yake, aliyekufa zamani. Nilitaka kufanya jambo ambalo kila aingiaye aseme hili ni la mume. Nikaamua kujenga choo cha kuvuta maji, chenye vigae vyeupe kama nilivyokiona Mombasa.

Fundi alikuja, akagonga ardhi kwa mtalimbo, akatikisa kichwa. Chini ni mwamba wa matumbawe. Kuchimba shimo la choo kungechukua siku nyingi.

Nikamwambia, "Shimo lipo tayari."

Mke wangu alikuwa akipeta mchele. Akaweka ungo chini.

"Bwana, hilo ni birika la mama."

"Mama amekufa, Mungu amrehemu, na bomba lipo."

"Bomba ni la watu. Wakilifunga huko, utalifungua ukiwa hapa?"

"Bi, dunia inakwenda mbele. Wewe wataka tuishi na samaki."

Fundi alicheka, nami nikafurahi kwamba alicheka. Mke wangu aliinua ungo wake akaendelea kupeta. Siku maji yalipotolewa alishuka mwenyewe kwa ngazi na bakuli, akawakamata wale samaki mmoja mmoja, akawabeba hadi kwenye jabia. Nilimwambia majirani watadhani ana wazimu. Jioni ile bomba la choo liliunganishwa na birika, na tangu hapo uchafu wetu ukaingia mle ambamo chokaa ilikuwa bado nyeupe.

Mitungi niliiondoa mwaka uleule ilipoletwa friji. Miwili ilivunjika nikiitoa. Wa tatu mke wangu alimpa jirani yetu, mwalimu wa shule ya sekondari, mwanamke Mkristo kutoka bara aliyekuwa amepanga nyumba tunayopakana nayo ukuta kwa ukuta. Katika ukuta huo pana kijilango, kama katika nyumba nyingi za huku, cha wanawake kupita kutoka ua hadi ua bila kutoka barabarani. Mwalimu alikizoea upesi. Alijifunza kwa mke wangu kila kitu nilichokitupa. Alifagia paa lake. Aligeuza mlizamu mvua ya kwanza. Alipanga jerikeni za maji kando ya ukuta na kuziandika kwa chaki siku alizozijaza, ili za zamani zitumike kwanza.

"Mwalimu," nilimtania mara moja, "kwenu bara hamna bomba?"

"Mzee wangu, liko," akasema. "Ndiyo maana naliogopa."

Mke wangu alicheka hadi akashika ukuta.

Kisha akapata sukari. Vidonge vilimtosha miaka michache, halafu daktari akaanza kumpa insulini, ile nyeupe kama maziwa, asubuhi na jioni. Macho yake yalikuwa yameshaanza kufifia, hakuweza kuona alama ndogo za bomba la sindano, na hakujua kuzisoma. Kazi ikawa yangu. Niligeuza kichupa taratibu mkononi, nikavuta dawa hadi alama yake, nikatoa mapovu, nikasema bismillahi nikamdunga. Naye kila mara aliniuliza, "Karani, umesoma sawa?" Aliniita Karani kwa mzaha tangu tulipooana. Nilimjibu, "Nimesoma sawa, Bi." Nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na sijui kama kulikuwa na saa nyingine ya siku niliyoipenda kama ile.

Sasa nifike kwenye zile siku.

Ilikuwa kaskazi, joto kali, hakuna dalili ya mvua. Umeme ulikatika asubuhi. Walisema nguzo za upande wa bara zimeharibiwa. Kufika adhuhuri mabomba yakakauka, kwa kuwa mtambo wa maji unakula umeme. Alasiri pikipiki ya kipaza sauti ikapita mjini: kwa sababu ya usalama, kuanzia alfajiri ya kesho hakuna kutoka nje, hakuna chombo kuondoka bandarini, na ruhusa ni saa mbili tu kila asubuhi kwa wenye dharura. Hadi lini, haikusemwa.

Nilifungua jokofu. Vichupa viwili vya insulini vilikuwa mlangoni, bado vya baridi.

"Vipeleke kwa mwalimu," mke wangu akasema. "Vikae mdomoni mwa mtungi. Pana baridi ya kutosha pale."

"Dawa ya hospitali haiwekwi mtungini."

"Mama aliweka dawa mtungini miaka yote."

"Mama yako hakuwa na insulini," nikasema, na nikavaa viatu.

Nilipanda bodaboda hadi Kizingitini kabla ndia hazijafungwa. Huko wachuuzi wa samaki na kambamawe walikuwa wakihangaika kuokoa mali yao, na mmoja niliyefahamiana naye akanijazia kisanduku cha barafu. Ilikuwa imechanganywa na chumvi, kama wafanyavyo wao ili baridi izidi na idumu hadi mzigo ufike Mombasa.

"Hii, Bwana Karani, hata jicho la samaki hugeuka jiwe," akaniambia huku akicheka.

Nilicheka naye. Hiyo ndiyo niliyoitaka. Niliwaza kwamba ikiwa baridi ni nzuri, baridi zaidi ni nzuri zaidi. Nilirudi nyumbani nikavizika vichupa vyote viwili katikati ya barafu ile, nikafunga kisanduku, nikamwambia mke wangu alale salama.

Asubuhi vilikuwa vimeganda. Kimoja kiliponiteleza mkononi kililia kwenye sakafu kama kijiwe. Nikavitia kwapani hadi vikayeyuka. Nilipovigeuza niliona chembechembe zikielea ndani, na nyingine zimeng'ang'ania kioo, kama maziwa yaliyochacha. Karatasi ya dawa ilikuwa ndani ya boksi lake. Nilikuwa nimeisoma siku ya kwanza dawa ilipoingia nyumbani. Ilisema isigandishwe, na iliyoganda itupwe. Nilikumbuka hata mahali maneno yalipokuwa kwenye karatasi.

Mke wangu alikuwa amekaa kitandani, mkono wa gauni umekunjwa.

"Karani, umesoma sawa?"

"Nimesoma sawa, Bi."

Nikamdunga.

Ningeweza kusema pale. Ningesema, nimeiharibu dawa, twende hospitali. Hospitali ya mji iko karibu, unaifikia kabla jasho halijatoka, na saa mbili za ruhusa zilitosha. Lakini nilimwona mama mkwe, aliyekufa miaka mingi nyuma, amesimama uani ananiangalia. Nikasema moyoni labda haikuharibika yote. Labda umeme utarudi leo. Jioni nikamdunga tena.

Siku ya tatu kiu ilimshika. Mwenye sukari dawa isipofanya kazi huwaka kiu, na maji yote anayokunywa huyatoa. Alikwenda chooni mara kwa mara, na choo changu cha vigae vyeupe kilidai ndoo kila mara, na ndoo hazikuwepo. Tulikuwa na jerikeni moja, sufuria mbili na birika la chai, na jabia lilikuwa limekauka kwa kaskazi. Nyumba ikanuka. Ulipokaa uani ulijua umekaa juu ya nini.

Nilianza kupima maji kwa kikombe.

"Nipe mai."

"Umekunywa sasa hivi."

"Nipe tena, Bwana. Ulimi umenikauka."

"Bi, haya maji ni ya watu wawili! Utatuua kwa kiu kwa tamaa yako."

Hayo ndiyo maneno niliyomwambia. Nimejaribu kuyakumbuka vingine, yawe laini kidogo, lakini ndivyo yalivyokuwa. Alikishusha kikombe kitupu juu ya mkeka.

Mwalimu alibisha kijilango siku ile. Nilikuwa nimetia komeo upande wetu. Sikutaka aingie asikie harufu.

"Hodi! Mama, mko na maji huko?"

"Tunayo, alhamdulillahi," nikajibu mimi, kabla mke wangu hajafungua mdomo.

"Mzee, mimi niko na jerikeni nane. Msione haya."

"Tunayo, mwalimu. Ahsante."

Alisimama kidogo upande wa pili. Kisha nikasikia kandambili zake zikiondoka.

Siku ya nne nikiwa msalani, mke wangu alikokota miguu hadi kwenye kijilango akatoa komeo mwenyewe. Nilipotoka, mwalimu alikuwa amepiga magoti kando yake na jerikeni iliyoandikwa chaki, anamnywesha. Mke wangu alikunywa kikombe, akanywa cha pili, akanywa cha tatu, na macho yake yalikuwa kwangu.

Mwalimu alinusa pumzi yake. Akamgusa ngozi ya mkono.

"Mzee, dawa ya mama imekaa wapi?"

"Kwenye barafu. Iko salama."

"Nione."

Alikifungua kisanduku. Barafu ilikuwa imekwisha, yamebaki maji ya chumvi. Akainua kichupa kuelekea mwanga wa ua.

"Hizi chembe ni za nini?"

"Ndivyo ilivyo dawa yenyewe."

"Baba yangu alikuwa na sukari. Yake haikuwa hivi. Hii haikuganda?"

"Haikuganda."

Mwalimu alinitazama, akamgeukia mke wangu. Na mke wangu, ambaye midomo yake ilikuwa imepasuka, akatabasamu. "Mwanangu, usihofu," akasema. "Huyu karani amesoma. Ingekuwa mbovu angejua."

Mwalimu aliweka kichupa chini. Mwenye mke na mwenye dawa wote walikuwa wameshasema. Akaacha jerikeni mbili akaenda. Jioni ile nilivuta dawa ileile hadi alama yake, nikatoa mapovu, nikamdunga mtu aliyekuwa ametoka kunitetea.

Asubuhi ya siku ya tano hakuamka sawasawa. Alimwita mama yake. Alimwambia afunike birika, majani yataingia. Aliniambia mimi, akidhani ni mtu mwingine, nisipande paani na viatu. Nikakimbilia kijilango nikakipiga kwa ngumi zote mbili.

"Iliganda," nikamwambia mwalimu alipofungua. "Iliganda usiku wa kwanza. Nilijua."

Hakunitukana. Alivua kanga iliyokuwa mabegani, akaifunga kiunoni, akaniambia, "Shika miguu." Tulimtoa kwenye godoro lake, jirani mmoja akaleta mkokoteni wa kubebea mawe, na mwalimu akatangulia na kitambaa cheupe mkononi ili askari wa njia panda wamwone. Askari naye alikuwa wa bara. Alimtazama mke wangu, akausukuma mkokoteni pamoja nasi hadi lango la hospitali.

Hospitali ilikuwa na jokofu la sola. Insulini nzima ilikuwemo siku zote tano.

Muuguzi aliuliza ni nani aliyekuwa akimdunga. Nikasema ni mimi. Akauliza kama tulikosa maji ya kumpa. Nikasema yalikuwepo ya jirani. Aliandika, kama nilivyokuwa nikiandika mimi ofisini, bila kuinua kichwa.

Mke wangu alipona, kama neno hilo linafaa. Figo zake ziliumia. Macho yaliyokuwa yakififia yakafifia zaidi, sasa anatofautisha mwanga na kivuli, na mtu humjua kwa hatua zake. Umeme ulirudi, mabomba yakafunguliwa, vyombo vikaondoka. Aliporudi nyumbani alikaa ukumbini, mahali mitungi ilipokuwa zamani, akaniita.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi ile ya kwanza."

"Hata nilipomwambia mwalimu kuwa umesoma?"

"Hata hapo."

Nilingoja anitukane, au aniambie nitoke katika nyumba yake. Haki hiyo anayo, na ndugu zake wa kijiji cha Chundwa walikuwa tayari kuja kuitimiza. Akasema tu, "Haya, Bwana." Tangu siku hiyo sijamsikia akiniita Karani.

Dawa yake haikai nyumbani tena. Iko kwa mwalimu, ndani ya mdomo wa ule mtungi niliotaka kuutupa, ingawa sasa friji inafanya kazi. Asubuhi na jioni mke wangu hupapasa ukuta hadi kwenye kijilango, akavuka. Mwalimu ndiye anayesoma alama. Nawasikia wakizungumza, na mara nyingine nasikia kicheko chake, kile cha kushika ukuta.

Mimi nimekuwa mtu wa tahadhari uzeeni. Birika halitengenezeki, fundi yuleyule alikataa kulikaribia. Nimenunua tangi la plastiki, nimerudisha mlizamu, nalifagia paa kwa mikono yangu, miguu mitupu. Mvua ya kwanza naiacha imwagike. Nina jerikeni kando ya ukuta zilizoandikwa chaki, taa iliyojaa mafuta, makaa, kiberiti katika kopo lisilopenyeza unyevu. Hakuna anayenisifu, na sitaki sifa. Mke wangu hupita karibu na jerikeni hizo akienda kwa mwalimu, mkono wake ukizigusa moja moja.

Juzi umeme ulikatika tena, na mabomba nayo, mchana mmoja tu. Mwalimu alikuwa kwetu, wamekaa na mke wangu wakichambua mchicha. Nilichota maji katika jerikeni ya zamani kuliko zote, kama inavyotakiwa, nikamletea mke wangu kikombe.

Alikipokea kwa mikono miwili. Akakisogeza puani.

"Ya wapi haya?"

"Ya mvua, Bi. Yetu wenyewe. Niliyakinga mimi."

Alikaa nacho. Nilidhani atakunywa. Kisha akakinyoosha kikombe upande alikosikia pumzi za mwalimu.

"Mwanangu, hebu yaonje kwanza."

Mwalimu alinitazama kwa haya, akapokea, akaonja, akamrudishia. Ndipo akanywa.